Jinsi Eric Wainaina anavyopika nyimbo za jukwaani, na kuwavuta vijana jikoni

KWA Wakenya wengi, jina la Eric Wainaina huleta nyimbo mbili kichwani. Kuna ‘Daima’, ambao huimbwa kila tunapohitaji kukumbushana kwamba sisi ni ndugu. Kisha kuna ‘Nchi ya Kitu Kidogo’ wa mwaka wa 2001, uliowachapa waziwazi wala hongo. Muulize msee yeyote aliyekuwa shuleni enzi hizo, atakuimbia yote miwili bila kukwama.

Lakini kuna upande wa pili wa kazi yake ambao redio haziupigi sana, na kwa kijana anayeota kuwa mtunzi, huenda ndio wenye mafunzo zaidi. Kwa miaka mingi Wainaina ametunga tamthilia za muziki, zile ambazo mhusika akishindwa kuongea, anaimba. Isitoshe, yeye na mkewe, Sheba Hirst, walianzisha Nairobi Musical Theatre Initiative, mpango wa warsha ambamo waandishi na watunzi wa humu nchini huandaa tamthilia zao wenyewe, kuanzia wazo hadi jukwaani.

Kwa nini jambo hilo likuhusu wewe uliye Kayole, Kisumu au Likoni na daftari lililojaa mistari? Endelea kusoma.

Ukimaliza shule, unaenda wapi?

Kenya haijawahi kukosa vijana wenye vipaji vya jukwaani. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na lile la drama la shule na vyuo tangu 1959. Kila mwaka wanafunzi huanzia ngazi za chini, wakapanda hadi kitaifa, na washindi wengine hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Kuna mwalimu wa kuwanoa, kuna majaji wa kuwaambia palipolegea, na kuna mwaka ujao wa kujaribu tena.

Halafu unamaliza kidato cha nne, na ngazi hiyo inakatika ghafla.

Anayebahatika hujiunga na kundi linalozunguka shuleni kuigiza vitabu teule. Mwingine hubaki kwaya ya kanisani au hurekodi vichekesho kwa simu akitafuta wafuasi. Wengi huishia studio ya mtaani. Huko unalipa, unachaguliwa biti iliyo tayari, unaimba, unaondoka na ngoma yako. Produsa ana mteja mwingine mlangoni. Hana muda wa kukwambia kwamba ubeti wako wa pili unarudia wa kwanza, wala kukuuliza anayeimba ni nani na anataka nini.

Hapo ndipo kipaji hufia, na si kwa sababu mwenyewe ni mvivu. Kinafia kwa kukosa mahali pa kukosea na kusahihishwa kabla ya umma kusikia.

Hadithi moja, rasimu nyingi

Wainaina mwenyewe hakuruka hatua. Miaka ya 1990 alikuwa kwenye Five Alive, kundi la waimbaji lililovuma sana wakati huo. Baadaye akaelekea Boston, Marekani, kusomea utunzi wa nyimbo na ufundi wa studio katika chuo cha Berklee. Yaani hata mtu ambaye tayari alikuwa na jina alirudi darasani kujifunza kuandika wimbo.

Ukitaka kuona maana ya rasimu, tazama alichofanya na ngano ya Lwanda Magere. Wengi tunaijua kutoka shuleni: shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka, hadi maadui walipompelekea mke, naye akagundua kwamba nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Walipochoma kivuli, Lwanda akaanguka.

Kutokana na ngano hiyo, Wainaina alitunga kwanza ‘Lwanda, Man of Stone’. Hakuishia hapo. Hadithi hiyo ilirudi upya ikiitwa ‘Mo Faya’, na sasa Lwanda si mpiganaji mwenye ngao bali ni DJ wa redio ya mtaa wa mabanda, anayependwa na watu wake huku kukiwa na wanaoimezea mate ardhi ya mtaa huo. Mkuki umekuwa kipaza sauti, ila mtego ni uleule: anayekuangusha ni yule uliyemfungulia mlango. Mwaka wa 2009 ‘Mo Faya’ ilifika New York, kwenye tamasha la tamthilia mpya za muziki.

Kazi iliyofuata ilimpeleka kwa watoto. Alitunga muziki wa ‘Tinga Tinga Tales’, katuni iliyotengenezewa Nairobi kwa ajili ya runinga, ikitumia mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Mwaka wa 2018 katuni hiyo nayo ikageuzwa tamthilia ya jukwaani na kuchezwa Nairobi na New York. Ona hapo: kitu kimoja kimeandikwa, kikavunjwa, kikaandikwa tena.

Wimbo uwe na kazi

Ngoma ya klabu ikiwa na kiitikio kitamu, imetosha. Wimbo wa jukwaani hauponi kwa utamu pekee. Mhusika anapoanza kuimba yuko mahali fulani, na akimaliza ni lazima kitu kiwe kimebadilika: ameamua kuhama, amekiri mapenzi, ameshtukia kwamba rafiki yake ni msaliti. Jaribio lake ni rahisi. Utoe wimbo huo kwenye mchezo. Hadithi ikiendelea kama kawaida, basi ulikuwa pambo, na pambo hukatwa hata kama umelipenda kiasi gani.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo vijana wengi wanaotunga kwa Kiswahili hulipuuza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Melodia ikiuhamisha, neno linakuwa geni sikioni. Chukua ‘barabara’. Ukikaza ‘ba’ ya pili, ba-ra-BA-ra, umesema njia. Ukikaza ‘ra’ ya kwanza, ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa. Kwenye studio unaweza kuponyoka kwa sababu msikilizaji atarudia wimbo mara kumi. Ukumbini anausikia mara moja tu. Asipolishika neno, amelikosa, na pengine amekosa hadithi nzima.

Mambo haya huwezi kuyajua ukiwa peke yako chumbani na simu. Yanajitokeza pale mtu mwingine anapoimba maneno yako na kukwama.

Ndani ya warsha

Ndiyo maana warsha ni muhimu. Mwandishi wa hadithi, mwenye mashairi na mwenye melodia huketi meza moja. Wanaleta kilichopo: onyesho moja, wimbo nusu, pengine sauti iliyorekodiwa jikoni usiku. Waigizaji wanasoma wakiwa na karatasi mkononi, bila mavazi wala taa za rangi. Wenzako wanakwambia walichoelewa, si ulichokusudia. Unarudi kuandika. Baadaye watazamaji wachache wanaalikwa, na unajua papo hapo walipocheka na walipoanza kuchungulia simu.

Inauma, tusidanganyane. Kusikia kwamba wimbo uliokukesha wiki mbili hauna kazi si mchezo. Lakini ni afadhali uambiwe na watu ishirini wanaokutakia mema kuliko ukumbi mzima uliolipa kiingilio.

Na tusidhani jambo hili limeletwa kutoka ng’ambo. Mwaka wa 1977 huko Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliichukua rasimu ya ‘Ngaahika Ndeenda’ ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakasahihisha lugha yake na kuongeza nyimbo walizozijua wao. Serikali iliufunga mchezo huo baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini. Hiyo inakuonyesha uzito wa wimbo ambao umepikwa na watu wengi hadi ukaiva.

Kabla ya kolabo, andikeni

Kuna jambo moja ambalo chipukizi huliona la wazee hadi wanapochomeka: nani ni mwenye wimbo? Tamthilia ya muziki ina mikono mingi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haiwezi kukumbuka mlichokubaliana mkila chapati kibandani. Kabla ya kuanza, andikeni karatasi moja: maneno ni ya nani, melodia ni ya nani, na pesa zikiingia mtagawana vipi. Wekeni sahihi na tarehe, kila mtu abaki na nakala yake. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ngoma ilivuma.

Anza na watu wanne

Si kila kijana atapata nafasi katika warsha ya Nairobi. Nafasi ni chache na nauli ni ghali. Lakini meza haihitaji jina kubwa. Tafuta watu watatu: mmoja anayejua kusimulia, mmoja anayepiga gitaa au kinanda, na mmoja asiyeogopa kukwambia ukweli. Ombeni chumba kanisani, kwenye maktaba au ukumbi wa chifu, mkutane siku moja kwa wiki. Chagueni ngano moja ya kwenu ambayo bibi yako anaijua. Kila mkutano mlete onyesho moja na wimbo mmoja, usomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuuandika.

Mwezi wa kwanza mtatupa karibu kila kitu. Msijali. Hifadhini rasimu zote, kwa maana melodia iliyokataliwa leo inaweza kufaa mhusika mwingine kesho. Lwanda naye alianza akiwa jiwe, akarudi akiwa DJ.