Mbele ya Kuchimba Barabara, Muulizane



Barabara moja ya mji wetu wa Lubumbashi iko na wenyewe wengi. OVD inaangalia gudro na mifereji. REGIDESO, iliyozaliwa mwaka 1939, ina matiyo ya mayi. SNEL, ya tangu mwaka 1970, ina nyaya za umeme, zingine juu ya miti, zingine ndani ya udongo. Kila mmoja ana kazi yake na feza zake. Wasipoulizana, mmoja anaweka gudro leo, mwingine anaipasua kesho.

Ubaya uko wapi? Kwanza, udongo uliorudishwa mu shimo bila kushindiliwa unashuka wakati wa mvua, na gudro inashuka nao. Pili, tiyo inayovuja inakula mchanga wa chini polepole. Tatu, njo hatari kubwa: mayi yakikatika, tiyo yenye tundu inanyonya uchafu wa mfereji. Yakirudi, uchafu unafika mu kopo. Kolera, iliyopiga Lubumbashi mwaka 2008, inapitia ku mayi ya namna ile.

Dawa iko: kuwa na ramani moja ya vitu vyote vya chini, kukutana wote mbele ya kazi, kuweka matiyo na nyaya kwanza, gudro mwisho, na kuacha tiyo tupu chini ya barabara, ili waya mpya upite bila kuchimba.

Na sisi? Tusitupe takataka mu mfereji. Ukiona mayi yanatoka chini ya barabara, mwambie shefu wa avenyu siku ile ile. Njia ya wote inataka masikilizano ya wote.