Mchezaji wa Tenisi na Moyo Wake

Timu ya mpira wa miguu iliyokwisha kufunga magoli mawili, na zimebaki dakika kumi tu, huweza kujilinda. Wachezaji wake huupiga mpira nje ya kiwanja, huurudisha nyuma kwa mlinda lango, hukawia kila wapatapo nafasi ya kukawia, na huku saa ya mwamuzi inakwenda. Mchezo wa namna hiyo haupendezi macho, lakini ni halali, na mara nyingi hufaulu. Mchezaji wa tenisi hana njia hiyo. Hapana saa ya kumwokoa. Hata akiwa mbele kiasi gani, ni lazima aipate alama ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka aipate mpinzani wake bado yu hai. Mtazamaji mgeni haoni upesi jambo hili, lakini ndilo asili ya taabu kubwa ya mchezo huu, ambayo haimo mkononi wala miguuni. Imo moyoni.

Yafaa hesabu ya mchezo ielezwe kidogo, kwa faida ya wale wasiopata kuutazama. Watu wawili husimama pande mbili za wavu. Alama ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na apataye ya nne huchukua gemu moja. Ila wakifungana kwa 40, ni lazima mmoja amzidi mwenzake kwa alama mbili. Gemu sita hufanya seti, nayo pia kwa kuzidi mbili. Wakifikia sita kwa sita hucheza gemu ya kukata shauri, ambayo huchukuliwa na atanguliaye kufikia alama saba, na zaidi ya mwenzake kwa mbili. Wanawake hushinda kwa seti mbili. Wanaume, katika mashindano manne makubwa ya dunia, kwa seti tatu.

Hesabu hii ina ajabu yake. Mtu akishindana kwa dakika kumi katika gemu moja, kisha akaikosa, alama zote alizopata ndani yake hufutwa kana kwamba hazikuwapo. Kwa hiyo huweza kutokea mtu akapata alama nyingi kuliko mwenzake mchana mzima na bado akashindwa. Roger Federer wa Uswisi, katika hotuba aliyotoa mwaka 2024 kwa wanafunzi wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, aliwaeleza kwamba katika mapambano 1,526 aliyocheza peke yake alishinda karibu asilimia 80; lakini katika alama zote alizozigombania, alipata asilimia 54 tu. Yaani bingwa huyu, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wachezaji bora waliopata kutokea, alikosa karibu nusu ya alama zake. Mchezaji asiyeweza kuvumilia kukosa hawezi kuucheza mchezo huu hata mwaka mmoja.

Jambo hili lilionekana wazi kabisa mwezi wa Julai mwaka 1993, huko Wimbledon karibu na London, katika pambano la mwisho la wanawake. Upande mmoja alisimama Steffi Graf wa Ujerumani, aliyekwisha kulitwaa taji hilo mara nne. Upande wa pili alisimama Jana Novotna, Mcheki wa mji wa Brno, mwenye umri wa miaka 24. Graf alichukua seti ya kwanza kwa gemu ya kukata shauri. Ya pili Novotna aliichukua kwa 6 kwa 1, akicheza kwa ushujaa mwingi, akikimbilia wavuni na kuikata mipira kabla haijagusa chini. Katika seti ya tatu aliendelea vivyo hivyo mpaka akawa mbele kwa gemu 4 kwa 1. Katika gemu iliyofuata ilikuwa zamu yake kuanzisha mpira, na hesabu ilikuwa 40 kwa 30. Alama moja zaidi, ingekuwa 5 kwa 1, na hapo ingebaki gemu moja tu.

Mwenye kuanzisha hupewa nafasi mbili. Novotna alikosa ya kwanza. Akapiga ya pili, nayo ikakosa. Hesabu ikawa 40 kwa 40. Hasara yenyewe, mtu akiipima kwa utulivu, ilikuwa ndogo mno: alama moja katika siku yenye alama nyingi, na yeye bado alikuwa mbele kwa gemu tatu. Lakini tangu mpira ule, mkono uliokuwa ukikata kama panga ukawa mzito. Akaikosa gemu ile, kisha inayofuata. Zamu yake ya kuanzisha iliporudi, makosa yale yale ya kuanzisha yakarudi pamoja nayo. Graf hakufanya muujiza wo wote; alirudisha mipira na kungoja. Akachukua gemu tano mfululizo, na seti ikaisha 6 kwa 4.

Wakati wa kutoa zawadi, mke wa Duke wa Kent alimsemesha Novotna maneno ya kumtia moyo, na yule binti akashindwa kujizuia, akaangua kilio begani mwa bibi huyo wa jamaa ya kifalme mbele ya dunia nzima. Hata leo, picha hiyo inajulikana na watu wengi kuliko picha ya mshindi mwenyewe.

Basi, ni kitu gani kilichotokea? Ustadi hauwezi kumtoka mtu kwa dakika moja. Wazungu hulitaja jambo hili kwa neno lenye maana ya kukabwa koo, na neno hilo halikukosea sana, kwa sababu ni jambo la mwili pia. Moyo unapoona hatari, mwili hujiandaa kama vile umekutana na simba njiani: mapigo ya moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hujikaza. Kwa mtu anayetaka kukimbia au kupigana maandalio hayo ni mema. Kwa mtu anayetaka kuupitisha mpira mdogo juu ya wavu na kuutua ndani ya kisanduku chenye urefu wa futi 21 na upana wa futi 13 na nusu, ni balaa. Vidole huishika raketi kwa nguvu kupita kiasi, na kifundo cha mkono, ambacho hutakiwa kulegea, huwa kama gogo.

Tena pigo la kuanzisha ndilo linaloathirika kuliko mapigo mengine, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Mipira mingine humjia mchezaji kwa kasi naye huipiga bila nafasi ya kufikiri. Mpira wa kuanzisha yeye mwenyewe huushika mkononi. Amesimama, watu wote wamenyamaza, hapana aliyemharakisha. Anao muda wa kutosha wa kuwaza mabaya.

Muda huo wa kuwaza ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Pambano likichukua saa mbili, muda ambao mpira unapigwa hasa ni sehemu ndogo tu. Uliobaki mchezaji anatembea, anajifuta jasho, anangoja. Sheria humruhusu sekunde 25 kati ya alama moja na ya pili, na sekunde 90 wabadilishapo pande. Katika nafasi hizo yu peke yake. Bondia huketi kwenye kona yake akapanguswa na kushauriwa na watu wake; mchezaji wa tenisi kwa miaka mingi alikatazwa hata kuonyeshwa ishara na mwalimu wake. Tangu mwaka 1970 na kitu wataalamu walianza kuichunguza akili ya mchezaji, na mmoja wao, Jim Loehr wa Marekani, aliwatazama mabingwa kwa makini na kuona kwamba wakati mpira unapigwa hawatofautiani sana na wenzao walio chini yao. Tofauti ilikuwa katika zile sekunde za kungoja.

Alichokiona Loehr kinaweza kutazamwa na mtu ye yote aliye karibu na kiwanja. Bingwa akikosa alama, haendi ameinamisha kichwa akijitukana. Huipa kisogo nyavu, hutembea wima, huhamishia raketi katika mkono mwingine ili ule wa kupigia upumzike, na macho yake huyaweka kwenye nyuzi za raketi au chini, mahali pasipo na kitu cha kumvuruga. Hushusha pumzi. Halafu huamua atakalofanya katika mpira unaokuja, huo mmoja tu. Mwisho hufanya vitendo vidogo vile vile afanyavyo kila siku: kuudundisha mpira mara kadhaa, kugusa kofia, kurekebisha soksi.

Vitendo hivyo huwachekesha watazamaji. Rafael Nadal wa Hispania alikuwa akizipanga chupa zake mbili za maji mbele ya kiti chake kwa uangalifu mkubwa, vibandiko vyake vikielekea kiwanjani. Maria Sharapova wa Urusi, kabla ya kila alama, aligeukia ukuta wa nyuma akasimama kidogo akigusa nyuzi za raketi. Wako waliodhani kuwa hiyo ni hirizi. Nadal mwenyewe alieleza kwamba huo ni utaratibu wa kuweka vitu vya nje sawasawa, ili na mambo ya ndani ya kichwa yatulie. Mikono ikiwa na kazi inayoijua, mawazo hupungukiwa na nafasi ya kutangatanga.

Mwaka 1974 mwalimu mmoja wa Marekani, Timothy Gallwey, alilieleza jambo hilo kwa njia nyingine. Aliona kwamba ndani ya mchezaji mna watu wawili. Mmoja ni msimamizi: hutoa amri, hukumbusha makosa, hutukana. Wa pili ndiye afanyaye kazi, na aghalabu anaijua kazi yake. Msimamizi akizidi kelele, mfanyakazi huharibu. Dawa yake ilikuwa kumpa yule msimamizi shughuli, kwa mfano kuutazama mshono wa mpira unavyozunguka hewani, ili amwache mwenzake apige. Kila mtu aliyewahi kuandika barua huku bwana wake amesimama nyuma ya bega lake atamwelewa mwalimu huyu.

Kwamba jambo hili huweza kutawaliwa, ushahidi upo. Katika Wimbledon ya mwaka 1980, Björn Borg wa Uswidi alikuwa akipambana na John McEnroe wa Marekani. Katika seti ya nne Borg alifika mara saba mahali ambapo alama moja tu ingempa taji, na mara zote saba alikosa. Gemu ya kukata shauri iliendelea mpaka 18 kwa 16, nayo ikawa ya McEnroe. Borg akaanza seti ya tano kwa kupoteza alama mbili za kwanza za zamu yake mwenyewe. Mtu mwingine angalisema yamekwisha. Yeye aliicheza alama ya tatu kana kwamba saba zile hazikuwapo, akaiokoa gemu, na mwishowe akaichukua seti kwa 8 kwa 6.

Kenya nayo ina fungu lake katika habari hii. Mwezi wa Julai mwaka 2022, katika mashindano ya vijana huko huko Wimbledon, Angella Okutoyi, msichana Mkenya wa miaka 18, alicheza pambano la mwisho la wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi dhidi ya wasichana wa Kanada. Walipoteza seti ya kwanza 3 kwa 6, wakapata ya pili 6 kwa 4. Ya tatu ilikuwa ya kukata shauri kwa alama kumi, na matokeo yake, 11 kwa 9, yanaeleza yenyewe jinsi ilivyokuwa: lazima hesabu ilipita 9 kwa 9, na hapo wote wanne walijua kuwa alama mbili mfululizo zingetosha kumaliza. Okutoyi na mwenzake walizipata zote mbili. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika yale mashindano manne makubwa.

Ama Novotna, mambo yake hayakutengenea upesi. Mwaka 1995, katika mashindano ya Ufaransa, alikuwa mbele ya Chanda Rubin wa Marekani kwa gemu 5 kwa 0 na 40 kwa 0 katika seti ya mwisho. Alikosa nafasi tisa za kumaliza, akashindwa 8 kwa 6. Magazeti yakamcheka. Mwaka 1997 alifika tena pambano la mwisho la Wimbledon, akachukua seti ya kwanza, na bado akashindwa na Martina Hingis wa Uswisi. Mke wa Duke akamfariji mara ya pili.

Hakuacha. Mwaka 1998, akiwa na miaka 29, alimtoa Hingis katika nusu fainali kwa seti mbili, kisha akasimama mbele ya Nathalie Tauziat wa Ufaransa. Seti ya kwanza alichukua 6 kwa 4. Ya pili ikafika sita kwa sita, na mtu awaye yote aliyekumbuka mwaka 1993 alishika tama. Safari hii mkono haukuwa mzito. Gemu ya kukata shauri aliichukua kwa 7 kwa 2, akapiga magoti juu ya majani. Aliyemkabidhi sahani ya ushindi alikuwa yule yule mke wa Duke wa Kent.