Macho Hayana Pazia, Ila la Simu

Asubuhi mjini Garissa, jua likiwa bado halijakaza, foleni ya mitungi huwa imeshajipanga kwenye kituo cha maji. Ni ile mitungi ya njano ya lita 20, na ukijaa mmoja ni kilo 20 za kubeba. Mikokoteni ya punda inapita, tuktuk zinapiga honi. Bibi mmoja anainama kuunyanyua mtungi wake, unamponyoka. Hajasema neno, msichana wa miaka kama minane ameshashika kishikio: "Ayeyo (bibi), wacha nikusaidie." Hatua mbili kutoka hapo, mvulana wa rika lake ameegemea ukuta, simu ya kakake mkononi, video moja ikifuatwa na nyingine. Mtungi umeangukia karibu na mguu wake, na wala hajageuka.

Ni rahisi kusema msichana amefunzwa adabu na mvulana hakufunzwa. Lakini huenda wote wawili wana moyo uleule, ila mmoja ameona na mwenzake hakuona.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, waliwajaribu watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima alianika nguo, akaangusha kibanio, akanyoosha mkono asikifikie. Mara nyingine alibeba vitu mikono yote miwili, akawa anagonga kabati lililofungwa. Watoto 22 walisaidia angalau mara moja, na kwa kawaida walifanya hivyo ndani ya sekunde 10 za kwanza. Hakuna aliyepewa zawadi. Watoto wa umri huo hata maneno hawajayaunga vizuri, kwa hiyo ni vigumu kusema wema wao umetokana na mawaidha.

Kinachowazuia wakikua ni nini? Bibb Latané na John Darley, waliochunguza kwa nini watu hukosa kumsaidia mwenye shida, walieleza mwaka 1970 kwamba msaada hupita hatua tano. Mtu huona, hutambua kuwa kuna shida, hujihisi inamhusu, hujua la kufanya, kisha hutenda. Aliyekwama kwenye hatua ya kwanza hawezi kulaumiwa kwa ya tano.

Waswahili husema macho hayana pazia, lakini simu imeleta pazia lake. Nchini Marekani, Ira Hyman na wenzake walimtuma mtu aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi apite uwanjani mwa chuo kikuu akiendesha baiskeli ya gurudumu moja. Kati ya wapita njia waliokuwa wakizungumza kwa simu, robo tu ndio walimwona. Waliotembea peke yao bila simu, karibu nusu walimwona. Hao wenye simu macho yao yalikuwa wazi. Uangalifu wa ubongo ni kama mwanga wa tochi: ukiuelekeza upande huu, upande ule unabaki gizani.

Giza hilo lina hatari yake barabarani. Barabara kuu iendayo Dadaab na Liboi inapita Garissa mjini. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata mita 50 kwa sekunde tatu, muda wa kusoma ujumbe mmoja mfupi. Mtoto anayevuka akitazama kioo cha simu hajioni mwenyewe, sembuse mdogo wake aliyemshika mkono.

Simu si adui. Ndiyo inayomfikishia mfugaji habari za mvua na malisho, na ndiyo inayobeba michango ukame unapobana. Swali ni nani aushike uangalifu wa mtoto, na kwa saa ngapi.

Jibu moja limetoka hapahapa Kenya. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1975, Beatrice na John Whiting walilinganisha watoto wa jamii sita duniani. Watoto wa Nyansongo, huko Kisii, walikuwa miongoni mwa waliojali wenzao zaidi. Wale wa mji mmoja wa Marekani walikuwa nyuma. Wanyansongo wadogo walilea wadogo zao, walichunga mifugo, walisaidia nyumbani. Kazi hizo humzoesha mtoto kutazama nani analia na nani amechoka. Mtoto wa Garissa anayechunga mbuzi anaijua shule hiyo: asipomwona mwanambuzi anayechechemea, jioni hesabu itapungua.

Basi mzazi, mpe mtoto kazi ya kumwangalia mwingine, na ukiwa naye foleni ya maji, simu yako nayo iingie mfukoni. Akisaidia, usimlipe kwa dakika za kuchezea simu. Warneken na Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walisaidia mara chache kuliko wasiopewa, zawadi ilipokoma. Mwambie tu ahsante, huku ukimtazama usoni.