Je, Wajua? Aliyelala Kimya Huenda Anakusikia

Je, wajua kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita Ibn Sina aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa ghafla, mtu mzima kamili, akaachwa anaelea hewani? Macho yake yamefunikwa. Hakuna upepo unaomgusa wala sauti inayomfikia, na viungo vyake vimetanuliwa ili kidole kisikutane na kidole. Hajui kama ana mkono wala mguu, maana hajawahi kuviona wala kuvigusa. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina akajibu: atajua, tena bila shaka yoyote.

Ibn Sina (980–1037), aliyezaliwa jirani na Bukhara, alikuwa mwanafalsafa na pia tabibu, na ndiyo maana hoja yake ina uzito kwangu. Mtu aliyeujua mwili kiasi hicho ndiye aliyesema kwamba kujijua hakungoji habari kutoka mwilini. Vitabu vingi huanza na mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, aliyeandika mwaka 1637 kwamba kule kufikiri kwake tu kulimhakikishia kuwa yupo. Mimi naona haki ni kuanzia Bukhara.

Hoja hiyo ina upande wa pili, na huo ndio mzito. Ikiwa mtu anaweza kujijua bila kutikisa hata kidole, sisi tunaomtazama kwa nje tutajuaje kwamba yumo?

Kwanza, hata yanayotokea ndani yetu wenyewe hatuyajui yote. Je, wajua kwamba huwezi kuyaona macho yako yakisogea kiooni? Simama mbele ya kioo, tazama jicho la kushoto, kisha hamia la kulia, urudi tena. Utaona macho yametulia tuli. Mwite mdogo wako asimame kando, naye atayaona yakienda na kurudi waziwazi. Kila macho yanapohama, ubongo hupunguza kwa muda mfupi habari za kuona ili dunia isionekane ikiyumba, halafu hukupa picha iliyoungwa vizuri usijue kwamba kuna kipande kilichorukwa. Macho huhama hivyo kama mara tatu kwa sekunde, mchana kutwa.

Na hata kilicho mbele ya macho hakionekani kwa sababu tu macho yamefumbuliwa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha watu video ya vijana wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za waliovaa nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe akaingia, akajipigapiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa.

Masikio nayo yana yao. Uko harusini, unazungumza na mwenzako, ya meza ya nyuma huyasikii hata kidogo, mpaka mtu alitaje jina lako. Mwaka 1959 mtafiti Neville Moray alilipima jambo hili Uingereza kwa kuwavalisha watu visikilizio, kila sikio na maneno yake, akawataka wafuatilie sikio moja tu. Takriban theluthi yao walilisikia jina lao likitajwa katika sikio waliloambiwa walipuuze. Maana yake ni kwamba kabla hujashtuka, kitu fulani ndani yako kilikwisha kuyachuja mazungumzo ya meza ile bila wewe kuambiwa.

Jinamizi je? Unaamka usiku, chumba unakiona, taa ya nje unaiona, lakini mkono haunyanyuki na sauti haitoki. Kifuani kuna uzito, na pembeni unahisi kuna mtu. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni jini au mchawi amekukalia. Kinachotokea ni hiki: katika usingizi wa ndoto ubongo huifungia misuli ili usije ukaruka kitandani kwa sababu unaota unakimbia. Mara chache fahamu hurudi kabla misuli haijafunguliwa, na mabaki ya ndoto yanaendelea huku macho yako wazi. Huisha baada ya sekunde chache au dakika kadhaa. Mchoraji Henry Fuseli, Mswisi aliyeishi London, alichora mwaka 1781 mwanamke aliyelala na kiumbe kimemkalia kifuani. Hofu ya popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi, na baadhi ya watafiti wameona alama za jinamizi katika simulizi za walioshambuliwa. Kujua chanzo chake hakumfanyi aliyekabwa kuwa mwongo. Alichokihisi alikihisi kweli, na anastahili kusikilizwa hivyo.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya seli za ubongo huenda hazihusiki sana na kujitambua? Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na bilioni 69 hivi kati ya hizo zimejaa kwenye ubongo mdogo ulioko kisogoni. Mwaka 2014 madaktari nchini China walieleza habari za mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa bila ubongo huo mdogo kabisa. Alitembea kwa kuyumba na maneno yake hayakunyooka sana, lakini alijitambua vizuri, na alikuwa ameolewa na ana mtoto.

Nusu kaputi nayo ni fumbo. Tangu William Morton alipoionyesha dawa ya usingizi ya etha mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, watu wasiohesabika wamepasuliwa wakiwa usingizini. Wataalamu wanajua dawa hizi hushika wapi kwenye seli, ila bado wanabishana jinsi hilo linavyoizima nafsi na kuiwasha tena.

Waandishi wa riwaya waliingia ndani ya kichwa cha mtu bila kipimo chochote. Mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba mawazo hutiririka kama mto, na baadaye waandishi wakajaribu kuuandika mto wenyewe. Sura ya mwisho ya Ulysses ya James Joyce (1922) ni mawazo ya mwanamke mmoja kitandani usiku, maneno zaidi ya 20,000 katika sentensi nane. Kwetu, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda mbali zaidi ya wengi. Katika Kichwamaji (1974) tunaishi ndani ya kichwa cha Kazimoto, na katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mpaka kati ya kuota na kuwa macho unafutika. Wanafunzi hulalamika kwamba vitabu hivyo viwili ni vigumu. Ni vigumu kwa sababu kichwa cha mtu kikielezwa kwa ukweli hakina mpangilio wa insha.

Mfaransa Jean-Dominique Bauby hakuwa na njia nyingine ila kuishi ndani ya kichwa chake. Kiharusi cha Desemba 1995 kilimwacha na akili timamu ndani ya mwili usiosogea, isipokuwa kope la jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi moja moja, naye akakonyeza ilipofika aliyoitaka. Kitabu kizima kiliandikwa hivyo. Kilitoka Machi 1997, na siku chache baadaye akafariki.

Na asiyeweza hata kukonyeza? Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walimlaza katika mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Miezi mitano alikuwa hajaonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Walimwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikaamka. Walimwambia: fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwako. Sehemu nyingine ikaamka, ileile inayoamka kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2010 mgonjwa mwingine alijibu maswali kuhusu familia yake kwa njia hiyohiyo: tenisi ni ndiyo, nyumba ni hapana.

Nayafikiria haya kila ninapoona ndugu wamezunguka kitanda cha mgonjwa mahututi wakipanga mazishi na kugombea shamba, eti mzee hasikii. Mwaka 2024 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa ulihusu wagonjwa 241 ambao kwa nje hawakuitikia amri yoyote. Sitini kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, ubongo wao uliitikia kwenye kipimo. Na kipimo chenyewe hakikamati wote: katika wagonjwa wengine 112 walioonekana wazi kwamba wanaelewa na kuitikia, kiliwatambua 43 tu.