Maudhi ya Msomaji wa Riwaya za Mapenzi
Sehemu ya Pili: Kikwazo cha Kweli na Kikwazo cha Kubandika

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilifuatilia safari ya riwaya ya mapenzi ya Kiingereza tangu Samuel Richardson alipochapisha Pamela mwaka 1740 hadi kuanzishwa kwa kampuni ya Mills & Boon jijini London mwaka 1908, kampuni ambayo katika miaka ya 1930 ilijikita katika hadithi za mapenzi. Sehemu hii inageukia manung'uniko ya wasomaji wa riwaya hizo, ambayo yamedumu kwa vizazi kadhaa: wapenzi huteseka kurasa mia mbili kwa jambo ambalo lingekwisha kwa mazungumzo ya jioni moja, mwanamume humdhalilisha mwanamke, kisha ukatili wake ukahesabiwa kuwa ni mapenzi, mwanamke naye hana kazi wala fikra isipokuwa kungoja kupendwa, na hasimu wake huwa mbaya bila sababu yoyote ya kuwa mbaya. Manung'uniko haya hayaletwi na ugeni wa msomaji katika fani, kwa kuwa wanaonung'unika zaidi ni wale waliosoma zaidi. Chanzo chake ni udhaifu wa kisanaa unaoweza kutajwa na kupimwa, nao umo katika kikwazo.

Watu wengi hudhani kwamba kinachochosha katika riwaya hizi ni fomula, yaani mpangilio wa matukio unaojirudia kutoka kitabu kimoja hadi kingine, lakini dhana hiyo haisimami inapopimwa kwa mwenendo wa wasomaji wenyewe. Mhakiki wa Kimarekani Janice Radway, katika kitabu chake Reading the Romance cha mwaka 1984, alichunguza kundi la wanawake waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, akaona kwamba baadhi yao walikuwa wakifungua kurasa za mwisho kabla ya kununua kitabu ili wajihakikishie kwamba mwisho ni mwema. Msomaji wa namna hiyo ameshaikubali fomula kama ahadi kati yake na mwandishi, na swali lililobaki moyoni mwake haliwi tena kama wapenzi watapatana, bali watapatana kwa njia gani. Kwa hiyo taharuki yote, yaani ile hali ya msomaji kutamani kujua kitakachofuata, huegemea jambo linalowatenganisha wapenzi. Mhakiki Pamela Regis, katika uchambuzi wake wa mwaka 2003, alikitaja kikwazo kuwa mojawapo ya viungo vinane ambavyo riwaya ya mapenzi haikamiliki bila hivyo, akakigawa katika namna mbili: kikwazo cha nje, kama vile familia, sheria au ufukara, na kikwazo cha ndani, ambacho hutoka katika tabia na hofu za wahusika wenyewe.

Kikwazo kinacholalamikiwa kuliko vyote ni kutoelewana, ambapo mpenzi mmoja humwona mwenzake na mtu mwingine au husikia nusu ya maneno, akaondoka kwa hasira bila kuuliza. Waandishi hukikimbilia kwa sababu ya mahitaji ya biashara: riwaya za mfululizo hutolewa kila mwezi, nyingi zikitakiwa kufikia takriban maneno 50,000, na mwandishi ambaye wahusika wake wameshapendana ifikapo katikati hulazimika kutafuta cha kuwatenganisha upya. Hata hivyo, kutoelewana kwenyewe hakuna kosa. Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, imejengwa juu ya kutoelewana kati ya Elizabeth Bennet na Darcy, lakini kosa la kila mmoja linatokana na tabia yake: Darcy anaposa kwa maneno yanayoishusha familia ya Elizabeth, na Elizabeth amekwisha kuamini uwongo ambao Wickham amemzulia Darcy kwa sababu uwongo huo unamfurahisha. Zaidi ya hayo, Austen halisubirishi jambo hilo hadi ukurasa wa mwisho, kwani Darcy anaeleza ukweli kwa barua kabla ya theluthi ya mwisho ya kitabu, na sehemu inayobaki inaonyesha watu wawili wakijirekebisha kwa kuwa sasa wanajua walivyokosea. Kipimo kinachopatikana hapa ni chepesi: ikiwa ukweli ukisemwa hadithi inakwisha, kikwazo hicho kimebandikwa kutoka nje, ikiwa ukweli ukisemwa hadithi inaingia kina, kikwazo hicho ni cha kweli.

Lalamiko la pili, yaani la mwanamume katili, lina mizizi mirefu zaidi. Katika Pamela, tajiri anayeitwa Bwana B anamfungia mtumishi wake mwenye umri wa miaka 15 na kujaribu kumwingilia kwa nguvu, kisha anavutiwa na uadilifu wake na kumwoa, na ndoa hiyo inatolewa kwa msomaji kama thawabu. Wasomaji wa wakati ule hawakukubaliana wote na thawabu hiyo, na mwaka uliofuata Henry Fielding alitoa Shamela, kitabu cha kejeli kinachomgeuza binti huyo kuwa mjanja mwenye kumtega bwana wake. Mwaka 1919 mwandishi wa Kiingereza E. M. Hull alikwenda mbali zaidi katika The Sheik, ambamo Diana Mayo anatekwa katika jangwa la Algeria na kubakwa na Sheikh Ahmed Ben Hassan, kisha akampenda. Wahakiki wameeleza kwamba jamii iliyomkataza mwanamke kuonyesha matamanio yake ilifanya nguvu ya mwanamume kuwa kisingizio cha kumwondolea mhusika lawama, na Tania Modleski alionyesha mwaka 1982 kwamba msomaji aliyezoea fomula huusoma ukatili wa mwanamume kama mapenzi yaliyofichwa, kwa kuwa anajua mwisho utakavyokuwa. Maelezo hayo yanasaidia kufahamu kaida hiyo ilikotoka, lakini hayaihalalishi, kwa sababu kaida yenyewe humfundisha msomaji kuyapa maumivu maana ambayo hayana. Wasomaji wa Radway wenyewe waliweka ubakaji miongoni mwa mambo wasiyotaka kabisa kuyakuta katika riwaya.

The Sheik inaonyesha pia hila nyingine inayomwacha msomaji na hisia ya kupunjwa. Kikwazo kikubwa kwa wasomaji wa Ulaya wa wakati ule kilikuwa mapenzi kati ya Mwingereza na Mwarabu, lakini karibu na mwisho inafichuliwa kwamba sheikh huyo ni mtoto wa Mwingereza wa tabaka la juu na mama Mhispania, aliyelelewa tu jangwani. Mwandishi hakuyakabili maswali ya rangi na utawala aliyoyaibua mwenyewe, bali aliyafuta, na chuki za wasomaji wake zikabaki zilivyokuwa.

Kuhusu mhusika mkuu asiye na fikra na hasimu asiye na sababu, inatosha kukumbuka tofauti iliyowekwa na E. M. Forster mwaka 1927 kati ya wahusika bapa, ambao hubeba sifa moja isiyobadilika, na wahusika duara, ambao hukua na wanaweza kumshangaza msomaji kwa namna inayoaminika. Kikwazo cha ndani hakiwezi kuota katika mhusika bapa, kwa kuwa ndani yake hamna kitu, na ndiyo maana mwandishi wake hulazimika kuagiza vikwazo kutoka nje, hasimu akiwa wa kwanza kuagizwa.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa kikwazo kilichojengwa vizuri katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anakimbia ndoa aliyolazimishwa na mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anakataliwa na jamaa zake, kisha anampenda Denge, mwanaharakati anayeandamwa na serikali ya kikoloni. Hakuna mazungumzo ya jioni moja yanayoweza kuondoa ubaguzi wa kijamii, mamlaka ya familia na polisi wa mkoloni, na kila hatua ya Yasmin ina gharama inayomfunza msomaji kitu kuhusu Zanzibar ya wakati ule na kuhusu ujasiri wa binti huyo.

Inafuata kwamba msomaji anayekitupa kitabu kwa hasira ameshafanya kazi ya uhakiki, isipokuwa hajaipa jina. Waandishi wa hadithi za mapenzi zinazotoka kwa mfululizo magazetini na kwenye simu hawalazimiki kuuacha mwisho mwema wala fomula; wanalazimika kujiuliza, kabla ya kuandika sura ya pili, ni jambo gani linalowatenganisha wapenzi hawa ambalo maneno matupu hayawezi kuliondoa. Asiyekuwa na jibu la swali hilo bado hajapata hadithi. Sehemu ya tatu itachambua vikwazo katika riwaya pendwa za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980.