Shukri al-Quwatli: Kutoka Kiwanda cha Matunda hadi Ikulu

Shukri al-Quwatli alizaliwa Damascus mwaka 1891, katika ukoo wa matajiri wa mashamba na biashara. Mwaka 1916 Waturuki walimtia gerezani kwa kuwamo katika chama cha siri cha Waarabu. Alipoteswa ili awataje wenzake, alijikata mshipa wa mkono, akiona heri afe kuliko kuwasaliti. Daktari aliyefungwa pamoja naye ndiye aliyemwokoa.

Wafaransa nao walimhukumu kifo, akaishi uhamishoni hadi 1930. Aliporejea alianzisha kampuni ya kutia matunda katika makopo, na mwenye makopo huyo akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa ukombozi.

Mwaka 1943 alichaguliwa Rais. Tarehe 29 Mei 1945 Wafaransa waliipiga Damascus kwa mizinga, na askari polisi waliolilinda Bunge waliuawa wakiwa zamuni. Wale hawakuwa na mizinga; walikuwa na zamu yao tu. Mwanajeshi wa mwisho wa Ufaransa aliondoka Aprili 1946.

Lakini tarehe 30 Machi 1949, baada ya kushindwa vita vya Palestina, mkuu wa majeshi Husni al-Za'im alimpindua Rais na kumkamata. Haikutimia miezi mitano, Za'im naye akapinduliwa na wanajeshi wenzake, akapigwa risasi.

Quwatli alichaguliwa tena mwaka 1955. Mwaka 1958 alimwachia Nasser urais kwa hiari, ili Syria na Misri ziungane. Alifariki Beirut Juni 1967, majuma machache baada ya Waarabu kushindwa tena vitani.