Kivoi wa Kitui, mkuu asiyekuwa na kiti

Wasomaji waliosoma shule za zamani watakumbuka jinsi tulivyokaririshwa wafalme wa Kiingereza. Mimi hata leo naweza kukutajia habari za Henry wa Kwanza, mtoto wa yule William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Mwanawe wa kiume wa pekee wa ndoa alizama mwaka 1120 pamoja na merikebu iliyoitwa Merikebu Nyeupe. Baba alipofariki mwaka 1135, binti yake Matilda na mpwa wake Stephen wakagombania kiti, na nchi ikaungua kwa vita kwa karibu miaka ishirini. Hayo tuliyajua kwa moyo. Lakini lau ungetuuliza ni nani aliyemsimulia Mzungu habari za mlima uliokuja kuipa nchi yetu jina lake, tungebaki kutazamana.

Mtu huyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa, Mkamba wa Kitui. Wazee wetu wa Mombasa walimfahamu vizuri zaidi kuliko sisi.

Katika miaka ya 1840 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, na msafara mmoja uliweza kuwa na wapagazi mia tatu au mia nne. Walipita nyika ya kiu na miiba hadi Rabai na Mombasa, wakapokea nguo, ushanga, nyuzi za shaba na chumvi, kisha wakageuza njia. Bara nako waliifuata biashara ng'ambo ya Mto Tana, kwa Wambeere, Watharaka na Wakikuyu. Pembe nyingi zilizopakiwa majahazini Mombasa wakati wa Seyyid Said zilikuwa zimepita mikononi mwa watu hawa, na Kivoi alikuwa mmoja wa wakubwa wao.

Wakati huo wageni wa Kizungu waliokuwa Rabai walikuwa wachache, na aliyejulikana zaidi alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Novemba 1849 Krapf alipanda hadi Kitui akafikia kwa Kivoi. Mwenyeji wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba upande wa Kikuyu uko mlima mwingine mweupe, mbali na ule wa Uchagga. Tarehe 3 Desemba mwaka huo mawingu yalifunguka, na Krapf akaviona vilele vyake kwa mbali. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga, na Wakamba hutamka Kiinyaa. Mgeni akaandika alivyosikia, Kenia. Mabwana wa Ulaya waliokaa vitini kwao walikataa kata kata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, lakini jina halikufutika, na mwaka 1920 likawa jina la koloni zima.

Krapf amemwandika Kivoi kuwa ni mkuu wa Wakamba. Hapo ndipo mimi ninaposita. Nilipokwenda Mwingi, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Garissa na ambao leo umo katika Kaunti ya Kitui, niliketi barazani na wazee wawili watatu, mmoja wao Mwislamu wa Kikamba. Nikawauliza, "Wazee wangu, mfalme wenu wa zamani alikuwa nani?" Wakacheka sana. Yule Mwislamu akaniambia, "Mwanangu, huku kwetu kila mwenye boma ni mfalme wa mbuzi wake."

Mzaha ule una ukweli ndani yake. Wakamba hawakuwa na kiti cha enzi. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa nzama, na mtu alihesabiwa kwa ukoo wake. Aliyepanda juu alipanda kwa mali, kwa ulimi, kwa umbo la kuheshimika, na kwa sifa ya kuwa anajua mambo ya mvua na dawa. Krapf mwenyewe ameyataja hayo. Kwa hiyo Kivoi hakuwatawala watu kwa amri. Walimfuata kwa sababu aliyemfuata alirudi nyumbani na kitu mkononi. Siku ambayo mtu wa namna hiyo hana tena cha kugawa, ukuu wake umekwisha, na wala hakuna haja ya kumpindua.

Hata nyumba yake isifananishwe na jumba la Henry. Tajiri wa Kikamba alioa wake wengi, na kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Alipokufa, watoto walirithi kwa nyumba za mama zao, na wajane wakachukuliwa na ndugu wa marehemu. Mali ikagawanyika, ikatawanyika. Hakukuwa na Matilda wala Stephen wa kuteketeza nchi kwa ajili ya kiti, maana hakikuwapo. Nionavyo mimi, hilo ni jambo la kuwasifu. Lakini lina gharama yake, kwa kuwa pasipo na kiti hapakai mwandishi wa kuandika habari za mwenye kiti.

Mwezi Agosti 1851 Krapf alikuwa kwa Kivoi tena, akitaka kuuona Mto Tana. Kivoi alikuwa na shughuli zake za pembe upande huo, wakaondoka pamoja. Walipokuwa karibu na mto wavamizi waliwaangukia. Krapf alifyatua bunduki hewani, watu wakatawanyika, na Kivoi akauawa hapo na baadhi ya wafuasi wake. Mzungu akakimbilia mwituni peke yake. Aliufikia ule mto aliokuwa akiutafuta, lakini akiwa mtu wa kutafuta maji ya kunywa. Akayabeba katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini, akarudi akitembea usiku.

Aliporudi kwa jamaa za Kivoi ndipo palipozuka kisa. Walimlaumu kwa nini mwenziwe amekufa naye yu hai, na wakataka kumwua. Akawatoroka usiku, akajificha mchana, hata akafika Rabai mwezi Septemba akiwa hoi.

Katika vitabu vya Wazungu jamaa hawa huonekana kama washenzi waliomgeukia mgeni asiye na hatia. Tuwatazame kwa macho yetu sisi tunaoijua dia. Mkubwa wao ameondoka mzima na mgeni mwenye bunduki, tena anayesemekana kuwa ana uganga. Amerejea mgeni peke yake. Mzee wao hakurejea, wala hakuna maiti ya kuzika. Je, wasiulize? Damu ya mtu ina wenyewe, na kwa Wakamba pia ilidaiwa na kulipwa kwa mifugo baina ya koo na koo. Mgeni hakuwa na ukoo wa kulipa. Simtetei aliyetaka kumwua mtu ambaye hakuua, na Krapf alifanya vyema kukimbia. Lakini nadhani kilio cha nyumba ile kilistahili mistari michache zaidi kuliko ile ya hasira yao.

Baada ya Kivoi, biashara ya Wakamba wa Kitui haikukoma ghafla, ila ilipungua nguvu. Kuanzia miaka ya 1850 na 1860 misafara ya pwani, ya Waswahili na Waarabu, ilizidi kupanda bara yenyewe badala ya kuingojea pembe iletwe. Yaani babu zetu. Nao Wakamba waliokuwa wameshuka wakati wa njaa kubwa ya karibu mwaka 1836 wakakaa pande za Rabai na kwingineko nyuma ya pwani, na wajukuu wao wako hadi leo, tunakutana nao sokoni kila siku.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853, akafariki kwao Ujerumani mwaka 1881, na vitabu vyake vinasomwa bado. Pembe alizozifuata Kivoi upande wa Tana zilikuja kuchukuliwa na wengine.